Jinsi ya kupima kama intaneti ya nyumbani kwako iko tayari kwa IPv6: mwongozo kamili

IPv6 ni mfumo mpya wa anwani za vifaa kwenye intaneti, unaokuja kuchukua nafasi ya ule wa zamani uitwao IPv4. Wengi wanaojaribu kupima IPv6 nyumbani hukwama palepale. Wanafungua ukurasa wa kupimia, wanakuta 0/10, wanapiga simu huduma kwa wateja, wanaambiwa wazime ruta na kuiwasha, na hali inabaki ileile. Wengine wanaona anwani ndefu inayoanza na fe80 wakadhani kazi imekwisha. Kuna na wale wanaochoka, wanaizima IPv6 kwenye kompyuta, halafu wanasahau kwamba waliizima.

Mwongozo huu unakusaidia kujua kwa ushahidi mnyororo umekatika wapi: kwenye kifaa chako, kwenye ruta, au kwa kampuni inayokuuzia intaneti. Ukishajua hilo, utajua urekebishe nini mwenyewe na udai nini kwa kampuni.

Kwa nini ujisumbue? Nyumba nyingi leo hazina anwani ya IPv4 ya peke yake. Kampuni huchukua anwani moja ikawagawia wateja wengi kwa pamoja, ndiyo maana kamera ya CCTV inakataa kuonekana ukiwa safarini, au mchezo wa mtandaoni unakuambia muunganisho wako umebanwa. IPv6 inakipa kila kifaa anwani yake. Starlink, iliyoanza kutoa huduma Kenya mwaka 2023, ni mfano mzuri: mteja wa kawaida hupata IPv4 ya kugawana na wenzake, lakini hupewa na IPv6. Mwenye ruta isiyojua kuipokea anaikosa.

## Vitu vya kuwa navyo

- Kompyuta moja na simu moja. Kifaa kimoja hakitoshi, kwa sababu hutaweza kutofautisha ubovu wa kifaa na ubovu wa mtandao.
- Kebo ya mtandao ya kuchomeka kompyuta moja kwa moja kwenye ruta, kama kompyuta ina tundu lake.
- Jina na nywila ya kuingilia mipangilio ya ruta. Mara nyingi viko kwenye stika iliyobandikwa chini yake. Nywila hii ni tofauti na ile ya Wi-Fi.
- Bando dogo la data kwenye simu, kwa ajili ya kulinganisha.
- Mahali pa kuandika. Kila hatua ina jibu, na majibu hayo ndiyo utakayompa fundi.

## Hatua ya 1: Safisha njia kabla ya kupima

Zima VPN, yaani programu inayopitisha intaneti yako kwenye seva ya mtu mwingine, kwenye kompyuta na kwenye simu. VPN nyingi hubeba IPv4 tu na kuizuia IPv6, kwa hiyo utapata 0/10 hata kama nyumba yako haina tatizo lolote. Nyingine hukupa IPv6 ya kwao, ukabaki unapima seva iliyoko Ulaya huku ukifurahia matokeo yasiyo yako. Kwenye iPhone zima pia iCloud Private Relay, huduma ya Apple inayoficha anwani yako.

Kwenye simu, zima data na ubaki na Wi-Fi pekee. Wi-Fi ikiyumba, simu huhamia kwenye data kimyakimya, nawe utakuwa umepima mnara wa simu badala ya ruta yako.

Utajua uko sawa: alama ya VPN haipo juu ya kioo, na data imezimwa.

## Hatua ya 2: Fungua ukurasa wa kupimia

Kwenye kivinjari cha kompyuta andika test-ipv6.com. Subiri hadi imalize, kisha rudia kwenye simu. Ukurasa huu unajaribu kukufikia kwa njia kadhaa: kwa IPv4 pekee, kwa IPv6 pekee, kwa zote mbili kwa pamoja, na kwa pakiti kubwa (pakiti ni vipande ambavyo data husafiri navyo). Pia unaangalia kama seva ya DNS unayotumia, ile inayotafsiri majina ya tovuti kuwa namba, inaweza kuwasiliana kwa IPv6.

Usiishie kwenye alama. Fungua kichupo chenye orodha ya majaribio yaliyofanyika, usome mstari mmoja mmoja. Kisha lijaribu hili la pili: andika ipv6.google.com. Jina hilo lina anwani ya IPv6 tu, kwa hiyo likifunguka, IPv6 yako inafika nje.

Sasa linganisha ulichoona na haya:

Vifaa vyote viwili vimepata 10/10. Ruka hadi hatua ya 7. Usifunge mwongozo bado, kwa sababu ukurasa huu haupimi usalama wako.

Vyote vimepata 0/10. Tatizo liko kwenye ruta au kwa kampuni. Pitia hatua ya 3 haraka, kisha weka nguvu kwenye hatua ya 4.

Kompyuta imefaulu, simu ya Android imefeli. Hapa kuna sababu moja inayojirudia sana. Ruta inaweza kugawa anwani za IPv6 kwa njia mbili: kutangaza namba ya mwanzo ili kila kifaa kijitengenezee anwani, njia iitwayo SLAAC, au kumpa kila mmoja anwani kamili kwa DHCPv6. Simu za Android kwa miaka mingi hazikubali kupewa anwani kwa njia ya pili. Ingia kwenye ruta, sehemu ya LAN (upande wa nyumbani), uchague SLAAC.

Simu imefaulu, kompyuta imefeli. Ruta ni nzima na kampuni ni nzima. Shida iko kwenye kompyuta, na hatua ya 3 itaionyesha.

Majaribio ya kawaida yamefaulu, ya pakiti kubwa yamefeli. Nenda hatua ya 6. Hali hii inasumbua kuliko 0/10, kwa sababu kurasa zinaanza kufunguka kisha zinaganda.

## Hatua ya 3: Soma anwani ya kifaa chako

Kwenye Windows fungua dirisha la amri uandike:

`ipconfig`

Kwenye Linux andika `ip -6 addr`, kwenye macOS andika `ifconfig`. Kwenye Android nenda Mipangilio, kisha Kuhusu simu, utafute anwani ya IP. Baadhi ya simu huionyesha ndani ya mtandao wa Wi-Fi uliounganishwa.

Kompyuta yenye afya itakuonyesha kitu kama hiki:

`IPv6 Address: 2001:db8:45:1200:8d1c:3b7:92aa:51e4`
`Temporary IPv6 Address: 2001:db8:45:1200:e03f:77c2:190b:6ad5`
`Link-local IPv6 Address: fe80::5a1:c9e2:44d0:7b13%12`
`Default Gateway: fe80::1%12`

Namba zinazoanza na 2001:db8 zimetengwa kwa mifano tu, kwa hiyo yako itakuwa tofauti. Angalia herufi na tarakimu za mwanzo, zina mengi ya kukuambia:

- fe80 ni anwani ya ndani kabisa. Kila kifaa hujitengenezea, hata kikiwa hakijaunganishwa na kampuni yoyote. Ukiona hii peke yake, huna IPv6 ya intaneti.
- fd ni anwani ya matumizi ya nyumbani. Ruta imeibuni yenyewe, nayo haitoki nje ya mlango wako.
- 2 au 3 mwanzoni ni anwani halisi ya intaneti. Kwa kampuni zilizopata anwani kutoka AFRINIC, msajili wa Afrika mwenye makao yake Mauritius, mara nyingi utaona 2c0f, au 2001:42 na 2001:43.
- 2002, au 2001:0 ambayo kompyuta huweza kuiandika 2001:: kwa kifupi, ni njia za zamani za kubebesha IPv6 ndani ya IPv4. Zinatatiza kuliko kusaidia. Usizihesabu kama ufaulu.

Mstari wa `Default Gateway`, yaani anwani ya ruta yako, kuwa fe80 ni sawasawa kabisa. Wengi huuona wakadhani ni kosa, wakaanza kubadilisha mambo yasiyohitaji kubadilishwa.

Kama kompyuta haina hata fe80, IPv6 imezimwa. Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `ncpa.cpl`, bofya kulia muunganisho wako, fungua sifa zake, kisha weka tiki kwenye Internet Protocol Version 6. Acha ijichagulie anwani yenyewe. Usiandike namba kwa mkono.

Onyo: usirushe picha ya ukurasa huu kwenye kundi la WhatsApp kama ilivyo. Nusu ya kwanza ya anwani inatambulisha nyumba yako. Nusu ya pili, ikiwa na ff:fe katikati, imetengenezwa kutokana na namba ya kudumu ya kadi ya mtandao ya kifaa chako. Funika zote mbili, uache tarakimu nne za mwanzo tu.

Baada ya hapo jaribu kutoka nje kwa namba tupu, bila jina:

`ping -6 2001:4860:4860::8888`

Hiyo ni seva ya DNS ya Google. Kwenye macOS tumia `ping6` badala ya `ping -6`. Tunaanza na namba kwa makusudi. Ukianza na jina halafu likagoma, hutajua kama njia imefungwa au jina limeshindwa kutafsiriwa.

Utajua uko sawa: majibu yanarudi, kila moja na muda wake wa milisekunde. Windows huishia kwenye manne; kwenye Linux na macOS yanaendelea hadi ubonyeze Ctrl na C. Windows ikikujibu `General failure`, kompyuta haina njia ya IPv6 kabisa. Ikikujibu `Request timed out`, ina anwani na njia, ila pakiti zinapotelea mbele. Tofauti hii ndogo iandike, fundi ataihitaji.

## Hatua ya 4: Ihoji ruta

Hapa ndipo majumba mengi yanapofeli, kwa hiyo nenda taratibu.

Kwenye kivinjari andika anwani ya ruta, ile ya IPv4 inayoonekana kwenye `Default Gateway` pamoja na ile ya fe80. Mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Ingia, kisha kabla ya kugusa chochote pakua nakala ya mipangilio iliyopo, au piga picha kila ukurasa unaokusudia kuubadilisha. Laini nyingi za faiba huingia kwa jina na nywila vilivyojazwa na fundi siku ya kufunga. Ukivifuta huna pa kuvipata usiku, na nyumba nzima itakaa bila intaneti hadi kesho.

Tafuta ukurasa wa hali ya WAN, yaani upande wa kampuni. Unatafuta vitu vitatu.

Cha kwanza, anwani ya IPv4 ya WAN. Ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, kampuni inakugawia anwani moja na wateja wengine. Hilo halizuii IPv6, ila linaeleza kwa nini kamera yako haifikiki kutoka nje.

Cha pili, anwani ya IPv6 ya WAN. Inaweza isiwepo na bado mambo yakaenda, kwa hiyo usiogope ukiikosa.

Cha tatu ndicho muhimu kuliko vyote: kipande cha anwani ambacho kampuni inakikabidhi kwa nyumba yako yote. Kwenye ruta nyingi kimeandikwa `Prefix` au `Delegated Prefix`, na mwisho wake kuna mkwaju na namba, kama /56, /60 au /64. Namba ikiwa ndogo, kipande ni kikubwa. /64 inatosha mtandao mmoja wa nyumbani. /56 inakupa mitandao 256, ambayo ni zaidi ya mahitaji ya familia yoyote.

Kama kipande hakipo, fungua mipangilio ya IPv6 uangalie mambo haya:

1. IPv6 imewashwa. Ruta nyingi hutoka kiwandani ikiwa imezimwa.
2. Aina ya muunganisho. Ikiwa IPv4 yako inaingia kwa PPPoE, yaani kwa jina na nywila, chagua PPPoE kwa IPv6 pia, na mara nyingi kuna tiki ya kutumia muunganisho uleule. Ikiwa inaingia kwa DHCP, yaani ruta hupewa anwani yenyewe bila nywila, chagua DHCPv6. Usichague njia za `6to4` wala `Tunnel`.
3. Ombi la kipande, `Prefix Delegation` au `PD`, limewashwa.
4. Upande wa LAN umewekwa SLAAC, kwa sababu tuliyoieleza kwenye hatua ya 2.

Hifadhi, zima ruta, subiri dakika moja, washa, kisha rudia hatua ya 3.

### Ukiwa na ruta mbili

Hali hii imeenea: kampuni imekuletea kiboksi chake, Wi-Fi haifiki chumbani, ukanunua ruta ya pili ukaichomeka kwenye tundu la WAN. IPv4 inaendelea kufanya kazi, kwa hiyo hakuna anayehisi kuna tatizo. IPv6 inaishia kwenye kiboksi cha kwanza, kwa sababu kiboksi hicho kimepewa /64 moja na hakina cha kumgawia mwenzake.

Kuithibitisha ni rahisi. Chomeka kompyuta kwa kebo kwenye kiboksi cha kampuni na upime. Kisha ihamishie kwenye ruta yako na upime tena. Ya kwanza ikifaulu na ya pili ikifeli, umeshapata jibu.

Suluhisho ni kuibadili ruta ya pili iwe kituo cha Wi-Fi tu, hali iitwayo `Access Point` kwenye mipangilio yake. Ikikosa chaguo hilo, zima DHCP yake (kazi yake ya kugawa anwani), ipe anwani isiyogongana na ya kiboksi, kisha chomeka kebo kwenye tundu la LAN badala ya WAN. Vifaa vyako vitapokea IPv6 moja kwa moja kutoka kwenye kiboksi.

### Ukitumia ruta ya laini ya simu

Kwenye ruta za 4G na 5G, na kwenye simu unayotumia kama hotspoti, kila kitu kinategemea APN, yaani mipangilio inayoiunganisha laini na intaneti ya kampuni. Fungua mipangilio ya APN utafute itifaki yake. Ikiwa ni IPv4 peke yake, ibadili iwe IPv4/IPv6. Andika kwanza thamani zote zilizokuwepo, kwa kuwa herufi moja ya APN ikikosewa data inakatika. Baadhi ya laini hazitakuruhusu kubadili chochote. Hapo jibu liko kwa kampuni.

Utajua uko sawa: ukurasa wa ruta unaonyesha kipande kinachoanza na 2, na anwani ya kompyuta yako inaanza kwa tarakimu zilezile za kipande hicho.

## Hatua ya 5: Pima DNS

Kama namba inajibu lakini ipv6.google.com haifunguki, shida ni DNS. Andika:

`nslookup -type=AAAA ipv6.google.com`

AAAA ni aina ya rekodi inayobeba anwani za IPv6. Jibu likija na anwani ndefu, DNS iko sawa. Likija tupu, uliza seva nyingine kwa amri ileile:

`nslookup -type=AAAA ipv6.google.com 8.8.8.8`

Hii ya pili ikileta jibu, DNS uliyopewa ina kasoro. Weka kwenye ruta 2001:4860:4860::8888 ya Google au 2606:4700:4700::1111 ya Cloudflare. Umeona kwamba 8.8.8.8 ni anwani ya IPv4 na bado imeleta jibu la IPv6? Seva inaweza kufikiwa kwa njia moja na kujibu kuhusu nyingine. Kwa hiyo ukifeli lile jaribio moja tu la DNS kwenye test-ipv6.com, hakuna haraka. Kurasa zako zitafunguka vizuri.

## Hatua ya 6: Kurasa zinazoganda

IPv6 haikubali ruta za njiani kuikata pakiti iliyo kubwa mno. Ruta inayoshindwa kuipitisha hutuma ujumbe wa ICMPv6, aina ya ujumbe wa taarifa za mtandao wenyewe, kumwambia aliyetuma apunguze. Mtu akiuzuia ujumbe huo kwa kudhani anaimarisha usalama, mtumaji anaendelea kutuma pakiti kubwa zisizofika. Kichwa cha ukurasa kinaonekana, picha haziji.

Thibitisha kwa kupunguza ukubwa wa juu wa pakiti, uitwao MTU, kwenye kompyuta hadi baiti 1280, kiwango ambacho kila njia ya IPv6 lazima ikipitishe. Kwenye Windows fungua dirisha la amri kama msimamizi:

`netsh interface ipv6 set subinterface "Wi-Fi" mtu=1280 store=active`

Kama muunganisho wako una jina jingine, badili neno lililo ndani ya alama za kunukuu. Mabadiliko haya yanafutika ukizima na kuwasha kompyuta, kwa hiyo hayana hatari.

Kurasa zikifunguka sasa, umethibitisha. Rudi kwenye ruta: ruhusu ICMPv6 kwenye faiwoli (kinga inayozuia miunganisho isiyotakiwa), na kama unatumia PPPoE hakikisha MTU ni 1492. Zote zikiwa sawa na tatizo likabaki, kasoro iko kwa kampuni.

## Hatua ya 7: Hakikisha mlango umefungwa

Hatua hii ni ya kila mtu, hata aliyepata 10/10 tangu mwanzo. Kwenye IPv4 vifaa vyako vilijificha nyuma ya anwani moja ya ruta. Kwenye IPv6 kila kifaa kina anwani inayoweza kufikiwa kutoka popote duniani, na kinachokilinda ni faiwoli ya ruta. Kamera ya CCTV ambayo bado ina nywila ya kiwandani haipaswi kuachwa wazi hivyo hata kwa saa moja.

Ingia kwenye ruta, tafuta faiwoli ya IPv6, uhakikishe imewashwa na inazuia miunganisho inayoanzia nje. Kwenye baadhi ya ruta ina swichi yake tofauti na ile ya IPv4, na kuwasha moja hakuwashi nyingine. Kama ruta yako haina kabisa faiwoli ya IPv6, ushauri wangu ni kuzima IPv6 kwenye ruta hadi upate nyingine. Ni hali pekee ambayo ningekuambia uizime.

Ukitaka kuifikia kamera kutoka nje, fungua anwani ya kifaa hicho na mlango wake (port) mmoja tu, baada ya kubadili nywila.

## Hatua ya 8: Kudai huduma kwa kampuni

Kabla ya kupiga simu, pima mara moja kwa data ya simu, Wi-Fi ikiwa imezimwa. Ikifaulu kwa data na kufeli kwa Wi-Fi, kifaa chako kimeondolewa kwenye lawama na hakuna atakayekuambia ubadilishe simu.

Usiulize tu "mna IPv6?" Anayepokea simu atakujibu ndiyo au hapana bila kuangalia. Tuma maandishi, kwa barua pepe au kwa mfumo wao wa malalamiko, yakiwa na maelezo ya namna hii:

*"Akaunti yangu ni namba [weka yako]. Nimepima kwa kebo kwenye ruta yenu, VPN ikiwa imezimwa. Ruta imewashwa IPv6 na inaomba kipande kwa DHCPv6, lakini ukurasa wa WAN hauonyeshi kipande chochote. Kompyuta ina fe80 pekee, na simu yangu inafeli kwa Wi-Fi. Kwa data simu hiyohiyo inapata IPv6. Naomba kujua kama IPv6 imewashwa kwenye laini yangu, aina ya muunganisho ninayopaswa kuchagua, na ukubwa wa kipande mnachotoa. Kama haijawashwa, naomba ombi hili lifikishwe kwa wahandisi wa mtandao na nipewe namba ya kulifuatilia."*

Badili maelezo yafanane na ulichokikuta wewe. Namba ya kufuatilia ndiyo muhimu. Bila hiyo utaanza upya kila unapopiga.

Wakikujibu kwamba wameiwasha, zima ruta kwa dakika kadhaa ili iombe upya, kisha rudia hatua ya 2 hadi ya 4. Pima tena kesho yake, kwa kuwa baadhi ya ruta hupokea kipande mara ya kwanza na kushindwa kukihuisha muda wake ukiisha. Kikipotea, andika saa kilipopotea uitume kwa namba ileile ya ufuatiliaji.